Tupeni maabara ya nano Njoro, lakini msianze na jengo

Ukipitia picha zangu zote mtandaoni, kuanzia za sekondari mpaka zile za juzi tukiwa Hyrax Hill, utaona kitu kimoja: natabasamu nikiwa nimefunga mdomo. Si ati najifanya mgumu. Meno yangu ya mbele yana rangi ya chai, na mawili yana madoa kama kutu ya bati. Nimeyasugua kwa mswaki, kwa chumvi, kwa mkaa, hata kwa magadi wakati mmoja nilipodanganywa na rafiki. Hayatoki, kwa sababu doa liko ndani ya jino lenyewe.

Kama umelelewa Nakuru, Gilgil, Naivasha ama Njoro, huhitaji kuelezwa zaidi. Ukienda Nairobi mtu anakuangalia mdomoni, anauliza, "Wewe ni wa Nakuru, sivyo?" Kisha anacheka. Na sisi tumezoea kucheka naye.

Chanzo cha haya madoa kinajulikana. Mawe yetu ni ya volkano, na maji yakikaa chini ya ardhi kwa miaka mingi yanabeba madini ya floraidi. Floraidi kidogo ni nzuri kwa meno, ndiyo maana huwekwa kwenye dawa ya meno. Ikizidi ni balaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya Bonde la Ufa vimevuka hapo, vingine mara kadhaa. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanaundwa ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hadi kama miaka minane, meno yatatoka na madoa ya maisha. Na mtu akiendelea kunywa viwango vya juu sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo navyo huanza kukaza na kuuma.

Kuna jambo ambalo mathe wangu hakuambiwa na mtu: kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, kwa hivyo kinachobaki kina floraidi kali zaidi. Dawa ya klorini inaua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini floraidi haiigusi. Mathe alichemsha maji kila jioni utoto wetu wote, kwa makaa aliyonunua kwa shida. Alifanya kila alichoagizwa kufanya, na sote watatu tuna meno haya.

Sasa dada yangu ana msichana wa miaka mitatu. Wanaishi Kaptembwa na wananunua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa kisima cha jirani. Mwaka jana nilitaka kujua maji hayo yana floraidi kiasi gani. Ofisi ya kwanza ilinituma kwa nyingine. Ya pili ikataka barua. Kwingine nilitajiwa bei iliyokaribia kodi ya nyumba ya dada yangu ya mwezi mzima. Nikarudi nyumbani na chupa yangu ya maji kwenye begi. Mpaka leo hatujui.

Ni kwa sababu ya hiyo chupa naandika leo kuhusu nanosayansi. Najua linasikika kama jambo la watu wa Japani. Subiri nieleze.

"Nano" ni kipimo tu. Chukua mita moja, igawe vipande bilioni moja. Kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 80,000. Vitu vikifika udogo huo hubadilika tabia. Dhahabu, kwa mfano, inaweza kuonekana nyekundu. Na kitu chenye vitundu vidogo namna hiyo kina nafasi kubwa mno ndani yake, kwa hivyo gramu chache zinaweza kunasa uchafu mwingi. Sayansi ya maada ni ndugu yake: kujua kwa nini kitu hiki ni kigumu, kile kinapitisha umeme na kingine kinanasa sumu, halafu kutengeneza kilicho bora zaidi. Kioo cha simu yako, betri yake, paneli ya sola ya jirani na chujio la maji vyote vimetoka huko.

Kenya imeanza kuamka. Pale Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited kinachoshughulika na semikondakta na nanoteknolojia ndani ya uwanja wa chuo. Rais Ruto alipozuru Washington Mei 2024, semikondakta zilikuwa miongoni mwa mambo waliyozungumza na Wamarekani. Konza nako kuna mpango wa taasisi ya juu ya sayansi na teknolojia kwa mkopo wa Korea Kusini. Nafurahia yote hayo. Lakini kila nikisoma habari zake najiuliza: na sisi je?

Sisi tulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Tuna Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939 na kuwa chuo kikuu kamili 1987. Tuna Kabarak inayofunza madaktari. Hoja yangu ni hii: taasisi ya utafiti wa nanosayansi na maada inafaa kuanzishwa Njoro, iwe ya taaluma nyingi, na siku yake ya kwanza ianze na meza ya kupima maji ya wananchi. Jengo linaweza kungoja.

Kwa nini hapa kwetu? Kwanza, malighafi tunazikanyaga kila siku. Ukitoka Nairobi kwa matatu, ukipita Gilgil, kuna Kariandusi. Wengi wanapajua kwa yale mawe ya kale yaliyochimbuliwa na Louis Leakey. Karibu hapo kuna machimbo ya diatomaiti, ule udongo mweupe mwepesi kama unga. Diatomaiti ni maganda ya mimea midogo mno ya majini iliyokufa zamani ziwa lilipokuwa kubwa, na kila ganda limejaa vitundu vidogo sana. Ndiyo maana dunia nzima huutumia kuchuja vinywaji. Hii ni maada yenye vitundu vya nano iliyotengenezwa na ziwa letu, bure. Sisi tunaichimba, tunaipakia kwenye magunia, inaondoka.

Nenda Olkaria. Umeme wa mvuke umezalishwa pale tangu 1981. Maji ya moto yanayotoka chini yamebeba silika, na yakipoa silika hiyo hugandamana kwenye mabomba na kuwasumbua mainjinia. Silika hiyo hiyo, ikitolewa na kusafishwa vizuri, ni bidhaa inayouzwa: huwekwa kwenye raba, rangi, hata dawa ya meno. Menengai nako, juu ya jiji letu, mtambo wa Sosian ulianza kuzalisha umeme 2023. Uchafu wa bomba unaweza kuwa kazi ya mtu, lakini lazima awepo anayejua kuusoma.

Na kama unadhani sayansi ya maada ni ya wageni, panda Hyrax Hill uangalie vile vijiwe vyeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika. Ni kioo cha volkano. Watu walioishi hapa maelfu ya miaka iliyopita walijua ni mwamba gani ukigongwa vizuri unatoa makali yanayoshinda wembe wa chuma. Walichagua jiwe, wakalijaribu, wakafundishana. Hiyo ndiyo kazi ya taasisi ninayoiomba.

Sababu ya pili ni hilo neno "taaluma nyingi." Wasomi hulipenda kwenye hotuba, kwa hivyo acha nilielezee kwa mifupa.

Tangu mwisho wa miaka ya 1990, Dayosisi Katoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa. Wanachukua mifupa ya ng'ombe, wanaichoma kwa joto kali bila hewa nyingi, wanaisaga. Ndani ya mfupa kuna madini yanayovuta floraidi na kuishika. Walishirikiana na Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, wakabuni mpaka punje za kalisiamu na fosfeti za kuongeza maisha ya chujio. Hiyo ni kazi safi kabisa, na ilifanyika hapa hapa Nakuru.

Sasa hesabu ni wataalamu wangapi wanaohitajika ili chujio hilo lifanye kazi nyumbani kwa dada yangu. Mwanajiolojia aseme ni kisima kipi kina shida. Mkemia ajue mfupa uchomwe kwa joto gani, maana ukizidisha moto unaharibu uwezo wake. Daktari wa meno afuatilie watoto. Kuna Mwislamu ama Mhindu atakayeuliza, na ana haki ya kuuliza, mifupa ni ya mnyama gani. Hapo unahitaji mtu anayejua kuongea na watu. Chujio likijaa halipigi kengele: maji yanaendelea kutoka safi machoni, na floraidi imo. Kwa hivyo lazima awepo mtu wa kupima mara kwa mara, na fundi wa jua kali wa kutengeneza ndoo isiyovuja. Na tukianza kutumia chembe za nano, lazima awepo wa kuhakikisha chembe zenyewe haziingii kwenye maji ya mtoto. Mkemia akifanya peke yake, atapata shahada yake na sisi tubaki na meno yetu.

Wapo waliotutangulia, na si mbali. Vuka mpaka wa Namanga uende Arusha, ambako maji yana floraidi kama yetu. Pale kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, chuo cha shahada za juu tu. Moja ya shule zake imeweka maada, nishati, maji na mazingira chini ya paa moja. Mhadhiri wake mmoja, Askwar Hilonga, ni mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu. Alisomea nanoteknolojia Korea Kusini, akarudi nyumbani. Alichanganya mchanga wa kawaida wa kuchujia na chembe za nano, akatengeneza chujio linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali: kwenye floraidi linapangwa kwa floraidi, kwenye metali nzito linapangwa kwa metali. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza, mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, na kupata pauni 25,000. Chujio lake limewapa watu biashara ya kuuza maji safi vijijini.

Angalia mpangilio wake. Alianza na maji ya kijijini kwao, nano ikaja kama jibu. Sisi huku hupenda kuanza na nano, halafu tunatafuta swali.

Najua utaniambia nini. Buda, vyuo vyetu havina hata pesa za mishahara. Ni kweli. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa wiki kadhaa wakidai Sh7.9 bilioni. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inazungumzia asilimia 2 ya pato la taifa kwenda kwa utafiti, na hatujawahi kufika hapo. Kwa hivyo mtu akija na mchoro wa jumba la ghorofa sita lenye vioo vya buluu, mimi wa kwanza nitapinga.

Napinga kwa sababu nimeishi hayo. Nilisomea kemia katika chuo kimoja, sitakitaja, kabla ya karo kunishinda mwaka wa pili. Katika maabara yetu kulikuwa na mashine kubwa ya kupimia madini, zawadi ya wafadhili. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha maua, kile cha kufunikia viti vya sebuleni. Fundi aliyejua kuiendesha alistaafu na hakuna aliyeajiriwa badala yake. Kipuri kilichohitajika kilitoka ng'ambo na hakikuwa kwenye bajeti. Tulichora mashine hiyo kwenye mtihani, tukataja sehemu zake, tukapata alama. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kuiona ikiwaka. Siku niliyoondoka kitambaa kilikuwa bado pale, kimefuliwa hata.

Kwa hivyo taasisi ninayoiota ina masharti, na ningetaka tuyashike kabla mwanasiasa yeyote hajaja na mkasi wa kukata utepe.

Sharti la kwanza ni meza ya maji. Kifaa cha kupima floraidi ni kidogo, kinakaa mezani, na hakina bei ya hadubini ya elektroni. Wekeni chumba kimoja Njoro na dirisha moja mjini, karibu na steji. Mtu alete chupa, alipe pesa kidogo kama anayolipa saiba, apate jibu kwa simu yake baada ya siku chache. Kila jibu liingie kwenye ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Katika miaka miwili tutajua kisima baada ya kisima, na watafiti watakuwa na data ambayo hakuna mfadhili atakayeidharau. Mashine kubwa zije baadaye, zikiitwa na maswali yatakayotoka kwenye ramani hiyo.

Sharti la pili ni mafundi. Kabla ya kununua mashine yoyote, chuo kionyeshe jina la fundi atakayeiendesha, mshahara wake wa miaka mitano na pesa za vipuri. Hakuna jina, hakuna mashine. Na mashine zisifungwe na idara moja. Mtu wa Kabarak, wa hospitali ya kaunti, wa kampuni ya mvuke ama wa kiwanda cha Industrial Area aweze kukodisha saa moja. Kampuni ilipe bei ya kampuni, mwanafunzi alipe bei ya mwanafunzi, na pesa hizo zitunze mashine.

Ati haiwezekani Egerton? Egerton ni mojawapo ya vyuo vilivyochaguliwa katika mradi wa Benki ya Dunia wa vituo 24 vya ubora Mashariki na Kusini mwa Afrika, na kikapata kituo cha kilimo endelevu na biashara ya kilimo. Kwa hivyo kupokea pesa kubwa na kuendesha kituo si jambo geni pale. Kilimo chenyewe kitafaidika: mbolea inayotoka polepole, ghala lisiloshika unyevu, pareto inayokaa na nguvu muda mrefu baada ya kunyunyizwa. Hayo yote ni maada.

Sharti la tatu ni la kwangu na wenzangu, na sitaona haya kulisema. Mlango uwe wazi kwa wasio na shahada. Nakuru imejaa vijana walioachia masomo njiani kwa sababu ya karo. Wako Free Area wakiosha magari, wako Pipeline na boda, wako Rhonda wakitengeneza simu kwa kichoma risasi na jicho kali kuliko la injinia. Taasisi inahitaji watu wa kukusanya chupa, kuendesha tanuri la mifupa, kutengeneza pampu, kuandika programu ya ramani, na kumweleza mama wa Kivumbini kwa lugha anayoielewa kwa nini kuchemsha hakutoshi. Kazi hizo hazihitaji shahada ya uzamifu. Zinahitaji mafunzo ya miezi sita na mtu wa kukuamini.

Gavana, chuo na Wizara ya Maji wakitaka kuanza kesho, wanaweza. Meza, kifaa, fundi wawili, dirisha. Gharama yake ni ndogo kuliko hema na viti vya sherehe za uzinduzi tulizoziona nyingi. Na 2027 iko karibu. Watakuja Afraha na magari yao, watatuahidi "Silicon" hii na ile. Wakati huo usiulize jengo litakuwa na ghorofa ngapi. Uliza meza ya maji inafunguliwa lini na fundi wake anaitwa nani.

Huku tukingoja, ukiwa na mtoto mdogo nyumbani, kinga maji ya mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Safisha paa na mfereji, mwaga ya dakika za kwanza, yahifadhi kwenye chombo safi kilichofunikwa, kisha yachemshe ama uyatie klorini kwa ajili ya viini. Yatumie kwa mtoto kwanza, ya kunywa na ya uji. Sisi wakubwa meno yetu yalishaamua.

Dada yangu amenunua pipa la lita 100 na kulitega chini ya mfereji wa ploti. Mvua ya Nakuru ikikataa, anarudi kwa mtungi wa kisima, kwa sababu mtoto lazima anywe. Msichana ana miaka mitatu na meno yake madogo ya utotoni ni meupe pepe, anacheka mdomo wazi mpaka unaona kimio. Yale ya ukubwani yanaundwa sasa hivi, chini ya ufizi, na maji anayokunywa wiki hii. Tuna kama miaka mitano. Ile chupa ya maji bado iko kwenye rafu yangu, nimeiandika tarehe na jina la kisima, inangoja mtu wa kuipima.